Mizani ya Drumgarve

Lori tupu hupita kwanza. Naandika.
Lori hilohilo hurudi limejaa. Naandika.
Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kilima.
Hivyo ndivyo tulivyokiuza, tani kwa tani,
kilima alichonunua babu Malachy Keaveny
mwaka wa thelathini na moja, kwa ng'ombe wawili na deni,
kilima ambacho hata kondoo walikisusa.

Walimcheka mlangoni pa kanisa: Malachy kanunua mifupa.
Hakujibu. Alikuwa na nyundo, punda wa kuazima,
na mdogo wake Colm, aliyekohoa kuliko alivyosema.
Walichoma mawe tanurini wakapata chokaa,
wakulima wakaimwaga kutibu udongo mchungu,
na malisho yalipochipua, wachekaji
wakaja na mikokoteni yao, kofia mkononi.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
bibi Nuala aliandika nyuma ya mifuko ya unga.
Ninayo yote, imeshonwa kwa uzi wa viatu.
*Jumanne: mikokoteni sita. Padri hajalipa.*
*Jumatano: mitano. Padri hajalipa.*
*Alhamisi: nimejifungua mtoto wa kike. Mikokoteni minne.*

Kisha mashine ya kusaga kokoto ikaja kwa treni
kutoka kwa Mskoti aliyefilisika, masanduku kumi na moja,
na gurudumu moja la meno halimo.
Colm akalichonga la mwaloni.
Likatafuna wiki mbili, likafa,
naye akafuata kabla ya Krismasi.
Mwaka huo ndipo kibao kilipopakwa rangi, herufi nyekundu:
KEAVENY NA WANAWE WA KIUME.

Wa kiume walikuwa wawili.
Donal alikwenda Boston, akawa anatuma kadi.
Phelim alisubiri baruti iliyochelewa,
akahesabu hadi mia mbili, akaenda kuitazama.
Babu alifunga machimbo siku tatu.
Siku ya nne aliwasha mashine akasaga jiwe lile,
na hakuna aliyeuliza limekwenda barabara gani.
Mimi najua. Ni tani nane, njia ya shule.
Nikifika pale napunguza mwendo,
na walio nyuma yangu hupiga honi.

Yule wa Alhamisi ni mama yangu, Attracta.
Alitia saini *A. Keaveny*, wakamjibu *Mheshimiwa Bwana*,
akawaacha hivyo hivyo, akatuma ankara.
Matofali ya saruji, mabomba ya mifereji,
malori saba yenye matumbo yanayozunguka.
Ukuta wa hospitali ni wetu. Uwanja wa mpira ni wetu.
Haba na haba, ila kibaba chetu ni tani ishirini.

Halafu ile Jumatatu ya Oktoba.
Lori lilitoka limejaa, likarudi limejaa:
geti la mjenzi lilikuwa na mnyororo, benki imekwisha kupita.
Zege likagandia tumboni mwa lori.
Tulilitindua siku nne kwa patasi, mmoja ndani, mmoja nje,
na aliye ndani hasikii kitu isipokuwa kitu kimoja.
Mama aliuza nyumba, iliyojengwa kwa mawe yetu,
akawalipa wanaume thelathini na mmoja, senti hadi senti.
Alihamia hapa kibandani. Tulilala kwa zamu.

Siku hizi tunalipua kidogo, na majira ya kuchipua hatulipui kabisa,
kwa sababu kozi ametaga kwenye ngazi ya tatu ya mwamba
na mama amekataza.
Shimo la zamani limejaa maji ya kijani.
Kibao nimekikwangua kwa kisu maneno mawili ya mwisho.
NA WANAWE. Panatosha.

Jana alipanda juu ya mizani na fimbo yake,
akasimama katikati, pale panapokaa ekseli ya nyuma.
Mizani yetu huruka kilo ishirini ishirini.
Ilifikiri, ikasema: sitini.
"Andika," alisema.
Nikaandika.
"Na padri?"
Hajalipa, mama.
"Andika."